Dakika Tano

Kazi yangu ni vumbi.
Miaka kumi na tisa nalipwa kulikataa:
kwa glavu, kwa barakoa, kwa kurunzi iliyolazwa ubavu
juu ya kioo ambacho hata pumzi yangu ni uchafu kwake.
Nje ya mlango jangwa zima ni jasi,
jeupe kama unga uliomwagika, hakuna aliyeuzoa,
na upepo wa Machi, huku New Mexico, haujui kubisha hodi.

Kioo ni cha Delfina Archuleta.
Amekipaka tabaka juu ya tabaka,
nyembamba hivi kwamba ukizibandika zote
hazifikii ngozi ya kitunguu.
"Si cha kujitazamia," huwaambia wageni.
"Kinapokea rangi moja tu,
na rangi hiyo hakuna jicho lililowahi kuiona."
Urujuanimno. Hewa huumeza wote njiani,
hewa hii hii tunayovuta;
pazia linalotuponya ndilo linalotunyima.
Basi sharti kioo kipande, kipite juu ya pazia,
kichungulie, kirudi.

Safari iliyopita mlango haukufunguka.
Roketi ilipanda vizuri, kilomita mia mbili na sabini,
parafujo moja ikang'ang'ania,
na kwa dakika tano darubini ikakodolea
upande wa ndani wa mlango wake yenyewe.
Delfina hakulia. Aliiomba ile parafujo,
akaitia katika kikombe cha kalamu.
Miaka sita.

Swali lake ni la jikoni.
Uso wa jua: nyuzi elfu sita.
Taji lake, kule juu, mbali na meko:
nyuzi milioni, na zaidi.
Umeona wapi moshi ukaunguza kuliko kaa?
Ukiupa moto mgongo, unapoa, kila mtoto anajua.
Jua halikuambiwa.

Saa sita kasoro dakika nane.
Wendell Tso anahesabu kinyumenyume, sauti kavu,
kama keshia anayerudisha chenji.
Kisha mshindo unaoingia kwa nyayo
kabla haujafika masikioni.
Mstari mweupe.
Halafu hakuna mstari.

"Mlango," anasema Wendell.
Kimya, kirefu kuliko ile miaka sita.
"Mlango uko wazi."
Nauona mkono wa Delfina ukibonyeza mfuko wa koti.
Kikombe cha kalamu, asubuhi, kilikuwa kitupu cha chuma.

Jua lilitulia siku hiyo, bila mlipuko hata mmoja.
Mtu wa nyuma akanung'unika:
tumefika arusini, bibi harusi kalala.
Lakini picha ziliingia, moja kila sekunde tano,
na pembeni, penye doa ambalo hatukulipangia,
nyuzi.
Kwa miaka tulidhani kamba moja, nene, iliyopinda.
Zilikuwa sita. Pengine saba.
Zimesukwa kama ukili,
na uso unaochemka chini yake ukizidi kuzikaza,
kuzikaza,
hadi penye msokoto uliobana nuru ikachomoka,
uzi ukakatika, ukaungana na jirani,
na palipokatika pakawaka.

"Mama alinisuka hivyo," Delfina akasema, polepole.
"Siku za kanisani. Kichwa kiliwaka moto."
Hakuna aliyeliandika hilo.
Na kabla hatujapiga makofi akainua kidole:
"Msuko mmoja. Dakika tano. Msiniitie jibu."

Helikopta iliikuta darubini jioni,
imelala kifudifudi kati ya mimea ya yuka,
parachuti limejitandaza kando yake
kama shuka la mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani.
Niliifungua mimi, kwa glavu, kwa barakoa.
Juu ya kioo, chembe tatu za jasi.

Nilishika kitambaa.
Kimetazama jua bila kupepesa, nikawaza,
kimeanguka kutoka huko,
na hizi ndizo zilizokipokea.
Nikaziacha hadi asubuhi.
Kwenye fomu, penye neno "usafi",
niliandika: bado.